Gari inapandisha joto kwenye foleni, ikitembea inashuka. Muuzaji anasema ni thamostati, je naingizwa mjini?

Mtafutaji22

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada na kama kuna fundi humu asinipite, maana mwenye gari anataka jibu kabla wiki haijaisha.

Jana nimeenda kuangalia gari ya mtu, petroli, silinda nne, otomatiki, bodi safi haijaguswa, viti bado vizuri, na nimeshazunguka miezi mitatu natafuta kwa hiyo nilivyoiona moyo ukatulia. Nilivyofika nikakuta tayari inaunguruma, jamaa akasema ameiwasha mapema ili nisipoteze muda kusubiri ipate moto, nikamshukuru kabisa. Tukaingia barabarani, dakika kama ishirini hivi mshale wa joto umekaa katikati hautikisiki. Tulivyoingia kwenye foleni ndipo mambo yakaanza, mshale ukawa unapanda taratibu, ukapita katikati, ukasogea mpaka karibu na ule mstari mwekundu, na AC ambayo ilikuwa inapuliza baridi vizuri ikaanza kutoa hewa ya vuguvugu. Foleni ikafunguka, tukatembea kidogo tu mshale ukarudi katikati na AC ikarudi kuwa ya baridi. Nikamuuliza, akajibu bila hata kushtuka, "hiyo thamostati inasumbua, kitu kidogo sana, fundi anabadilisha huku unasubiri".

Nikafungua boneti, injini imeoshwa inang'aa. Kifuniko cha rejeta sikugusa maana kilikuwa cha moto. Kwenye kitanki cha akiba nimeona maji yana rangi ya kahawia yenye wekundu, sasa sijui ndio kulanti yenyewe (yale maji ya rangi ya kupoza injini) ilivyo au ni kutu.

Je ni thamostati kweli? Na kuna vitu gani naweza kuangalia mwenyewe bila vifaa vya gereji? Hii hela nimeikusanya muda mrefu sana na sina nyingine ya kuangukia, nikikosea hapa narudi kutembea kwa miguu.

PigaGia

Mkuu hiyo sio thamostati, hiyo ni feni. Angalia mwenyewe ulivyoandika, gari ikitembea upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, joto linashuka, gari ikisimama hakuna upepo mwingine zaidi ya feni na kama feni haizunguki joto litapanda tu. Na shahidi mkubwa ni hiyo AC yako, kile kirejeta cha AC kinakaa mbele ya rejeta ya maji na vyote vinategemea hewa ileile, ndio maana vimechoka pamoja na vikapona pamoja. Thamostati ni kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta, ingekuwa imegoma kufunguka gari ingechemsha hata kwenye mwendo, tena mwendoni ndio ingekuwa vibaya zaidi.

Kwa hiyo inaweza kuwa fyuzi, rilei, waya au mota ya feni yenyewe. Vitu vya kubadilisha. Mimi ningemwambia apunguze bei, naweka feni nyingine, gari naondoka nayo.

Mtafutaji22

Ahsante mkuu umenipa nguvu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua tena, nimpigie tu tuongee bei?

SpanaMkononi

Usimpigie bado ndugu yangu. Subiri.

Alichosema PigaGia kuhusu feni ni sahihi, dalili zako ni za feni kabisa na hilo la AC amelisoma vizuri. Ila mimi nikiwa fundi swali langu kwenye gari ya kununua haliishii kwenye nini kimekufa. Nauliza kimekufa tangu lini, na gari imeendeshwa hivyo mara ngapi. Feni unabadilisha leo jioni, lakini moto ambao injini imeshaula miezi yote hiyo haubadilishwi pamoja na feni.

Ngoja nieleze kidogo. Injini nyingi za sasa hedi yake, yaani kile kipande cha juu kinachofunika silinda, ni ya aluminiamu, na nyingi bado bloku, mwili wa chini wenye silinda, ni ya chuma. Aluminiamu ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, na katikati ya hivyo viwili kuna gasketi nyembamba inayotakiwa kuzuia moto wa silinda, maji na oili visikutane. Katika joto la kawaida inavumilia miaka na miaka. Gari ikichemsha hedi inataka kutanuka na boliti zimeishika, inapinda, na haihitaji kupinda sana, injini nyingi kitabu kinaruhusu kama 0.05mm mpaka 0.1mm tu, hiyo ni unene wa karatasi au chini ya hapo. Ikizidi, gasketi inaanza kupitisha. Mwanzoni inapitisha kidogo sana kiasi kwamba gari inatembea vizuri, unaijaza maji mara moja kwa wiki na unajiambia labda yanakauka tu.

Sasa kilichonishtua kwenye maelezo yako ni kwamba ulikuta gari imeshawashwa. Inawezekana jamaa hakuwa na nia mbaya, wapo wanaofanya hivyo kwa ukarimu tu, lakini injini ikiwa ya moto karibu kila dalili ya gasketi inakuwa imejificha. Mimi mwenyewe kabla sijaanza kazi hii nilinunua gari kwa mtu niliyemheshimu, niliikuta imeshapashwa vilevile, nikaendesha ikawa tamu, nikalipa. Kesho yake alfajiri nimeiwasha ikatetemeka kama mtu mwenye homa kwa sekunde kadhaa halafu ikatulia. Kila asubuhi ikawa hivyohivyo. Ilikuwa maji yanavujia kwenye silinda moja usiku kucha, na siku ile ya kununua nisingeweza kuyaona kwa sababu yalikuwa yameshachomwa kabla sijafika.

Kwa hiyo mwambie unakuja alfajiri na asiiwashe kabisa. Ukifika gusa boneti, halafu gusa injini yenyewe. Ikiwa ya vuguvugu, zungumza naye vizuri, ondoka, rudi siku nyingine.

Injini ikiwa ya baridi kabisa ndio unafungua kifuniko cha rejeta. Narudia, ya baridi kabisa, maana pale ndani kuna presha, vifuniko vingi vya gari ndogo vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani bar za presha, na presha hiyo inafanya maji yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 120. Ukifungua ya moto, presha inaondoka ghafla na yale maji yanageuka mvuke usoni kwako kabla hujarudisha mkono. Watu wamepoteza macho hivi.

Ukishafungua angalia maji yamefika wapi, yanatakiwa kuwa mpaka mdomoni. Angalia rangi. Kulanti inaweza kuwa ya kijani, nyekundu, ya pinki, ya bluu, inategemea aina, lakini ni angavu, unaona ndani yake. Kutu ni kahawia na ina matope, chovya kidole, ukikisugua unasikia kama unga. Hiyo uliyoona kwenye kitanki nahisi ni kutu, na maana yake gari imekuwa ikijazwa maji matupu muda mrefu, yaani ilikuwa inapoteza maji na mtu anaongezea ya bomba. Ukiona vipande vya kung'aa au vijinyuzi vinaelea, mtu amemimina dawa ya kuziba, hapo amka uondoke. Na utando wa oili juu ya maji, vilevile.

Chomoa na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa ya rangi ya maziwa ni maji yameingia. Chini ya kifuniko cha kujazia oili unaweza kukuta ukungu mweupe kidogo kwenye gari inayotembea safari fupifupi, huo usikutishe peke yake, dipstiki ndio inayoamua.

Halafu sasa iwashwe, na wewe usikae kwenye usukani, kaa mbele kwenye injini. Sikiliza sekunde kumi za kwanza. Kisha kamata ule mpira wa juu wa rejeta, uminye. Kwenye injini nzima utabaki laini dakika kadhaa, presha inakuja pole pole pamoja na joto. Mpira ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili wakati bado ni wa baridi mkononi, hiyo presha haijatoka kwenye maji, imetoka kwenye silinda. Mpira wa baridi ni nadra kuwa na sababu nyingine ya kuwa mgumu. Hili naomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

BarabaraNdefu

Mafundi mnapenda kutisha watu. Mimi gari yangu thamostati niliitoa siku nyingi, mshale haupandi hata nikipanda milima, sehemu za joto thamostati haina kazi. Mwambie aitoe tu aone kama itapanda tena.

SpanaMkononi

Ndugu yangu hapana, na nasema kwa heshima. Thamostati nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, namba yake imepigwa kwenye chuma chake, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto ambalo ilitengenezwa kufanyia kazi, kisha kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inatembea ya baridi, kompyuta inadhani bado haijapata moto inaongeza mafuta, ulaji unapanda, mafuta yanaosha oili kwenye kuta za silinda. Halafu kuna injini ambazo thamostati ikifunguka upande mmoja inaziba njia ya mkato upande wa pili, ukiitoa ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari inaweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Na kwa mnunuzi ni jambo kubwa zaidi. Wengi wanaitoa wakati gari imeshaanza kuchemsha, ili mshale ushuke. Tatizo linabaki palepale ila sasa hulioni. Mtafutaji22, ukiwa umekamata ule mpira wa juu angalia na hili, thamostati nzima inauacha mpira wa baridi au vuguvugu kwa dakika kadhaa halafu unapata moto kwa ghafla. Mpira ukianza kupata joto pole pole tangu mwanzo pamoja na injini, thamostati haipo au imegoma ikiwa wazi.

BarabaraNdefu

Hilo la njia ya mkato sikulijua fundi. Na ulaji wa mafuta kweli umepanda, nilikuwa nalaumu plagi. Nitaicheki yangu.

DadaTorki

Mtafutaji22 ongeza na hili, tafuta mtu mwenye skana ndogo ile ya kuchomeka chini ya dashibodi, hata ile ya kuunganisha na simu inatosha.

Sababu ni kwamba mshale wa dashibodi sio wa kuaminika kama watu wanavyodhani. Kwenye gari nyingi za kisasa watengenezaji wameutuliza kwa makusudi ili dereva asihangaike, joto linaweza kucheza kutoka sabini na kitu mpaka zaidi ya mia na mshale umekaa katikati tu kama hakuna kinachoendelea. Namba zinatofautiana gari kwa gari lakini maana yake ni moja, mshale ukishaanza kuonekana unapanda, joto limeshapita kawaida kwa mbali. Kwa hiyo ile uliyoona kwenye foleni haikuwa "imepanda kidogo". Na gari zingine hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya injini kuchemsha, ukifungua swichi kabla ya kuwasha angalia kama ile nyekundu inawaka kwa muda kujipima kama zinavyofanya taa zingine, kuna watu wanatoa balbu.

Kwenye skana, gari ikiwa imelala usiku mzima, fungua swichi bila kuwasha injini, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Zinatakiwa kukaribiana sana maana vyote vimelala sehemu moja. Maji yakisoma juu zaidi ya hewa kwa nyuzi kumi au ishirini, ama sensa inadanganya ama gari iliwashwa kabla hujafika, na zote mbili unataka kuzijua. Ikisoma -40 sensa imechomolewa au waya umekatika. Halafu washa uangalie namba inapanda, ikifika themanini na kitu mpaka tisini na kitu inatakiwa itulie, iachwe pale isimame bila kutembea mpaka feni iwake yenyewe, nyingi zinawaka karibu na 95 mpaka 100 hivi, namba inashuka nyuzi chache, feni inazima, inapanda tena. Huo mzunguko uone mara mbili au tatu kwa macho yako. Muuzaji atachoka kusubiri, mwache achoke.

Soma na kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. P0128 ni injini haifiki joto, mara nyingi thamostati imegoma wazi au imetolewa. P0217 ni injini ilishapita joto. Na kama hakuna kodi hata moja usifurahi haraka, angalia sehemu ya vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe, vikionyesha vingi havijakamilika ujue kumbukumbu imefutwa au batri imechomolewa siku za karibuni.

PigaGia

Nakubali nilikimbilia bei. Nilisoma dalili nikasahau kuuliza imefanyiwa nini. Mtafutaji22 nenda alfajiri kama fundi alivyosema.

Na ongezea kwa faida ya wengine, kuna gari inafanya kinyume na yake, kwenye foleni iko sawa ila kwenye mlima au mwendo wa kasi ndio inapanda, hiyo feni haihusiki, angalia rejeta iliyoziba ndani, tope kati ya rejeta ya maji na ile ya AC, au mpira wa chini unaonyonywa na pampu mpaka unajikunja.

Mtafutaji22

Nimerudi wakuu. Naandika yote kama yalivyotokea maana bila nyie leo ningekuwa nimeshatoa hela.

Nilimwambia naja saa kumi na mbili asubuhi na naomba asiiwashe. Akauliza kwa nini, nikamwambia fundi wangu ndivyo alivyotaka, akakubali. Nikafika, nikagusa boneti, baridi, nikagusa injini, baridi. Nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji hayakuwepo mdomoni, ilibidi niwashe taa ya simu kuyaona yako chini, kahawia kama maji ya mtaroni. Nilichovya kidole nikakisugua, unga kama SpanaMkononi alivyosema. Raba ya kifuniko imepasuka pasuka. Dipstiki ya oili ilikuwa safi, rangi nyeusi ya kawaida, hapo nikapata matumaini kidogo. Tukajaza maji, tukafunga.

Akawasha. Ilitetemeka. Nilihesabu, moja mpaka sita, kama vile silinda moja haipo, halafu ikatulia ikawa tamu kabisa kama ile siku ya kwanza. Moshi mweupe ulitoka nyuma, asubuhi kulikuwa na baridi kwa hiyo hapo sikutaka kuhukumu.

Nikakamata ule mpira wa juu. Mwanzo ulikuwa laini, nauminya unabonyea. Sijui kama dakika mbili zilifika. Ukawa mgumu kama tairi, na mkono wangu unasikia mpira wa baridi. Nilibaki nimeushika tu, mwenye gari akaniuliza vipi, sikuwa na la kumjibu. Baadae ukaanza kupata joto pole pole, hakuna ule moto wa ghafla mliosema, kwa hiyo nadhani na thamostati haimo.

Mwisho nikawasha AC, feni haikuzunguka. Yeye mwenyewe akachukua kijiti kirefu kilichokuwa pembeni kabisa ya karakana yake, akagonga mota ya feni, ikazunguka. Nikamuuliza hii unaigonga tangu lini, akasema tangu mwaka jana, na alisema kwa uaminifu tu, kwake ile ni tabia ya gari. Sidhani kama alikuwa anajua amefanya nini kwenye hedi. Kuhusu thamostati akasema fundi mmoja aliitoa na kumwambia gari itakuwa inapoa vizuri.

Nisaidieni jambo moja, kuna uwezekano wowote huo mpira kuwa mgumu kwa sababu nyingine? Maana bado bodi yake naiota.

SpanaMkononi

Pole sana ndugu yangu, na nakuelewa.

Mpira mgumu ukiwa wa baridi, injini inatetemeka asubuhi kisha inatulia, maji yanapungua bila kuvuja chini, na historia ya mwaka mzima ya feni ya kugonga. Kimoja ningekuwa na shaka nacho, vyote vinne kwa pamoja sina. Ukitaka kumaliza ubishi kuna kipimo, ni kichupa chenye dawa ya bluu kinakaa kwenye mdomo wa rejeta, unapunguza maji kidogo ili yasiingie kwenye dawa, unavuta ile hewa ya juu ya maji ipite kwenye dawa injini ikiwa inaunguruma. Dawa ikigeuka njano kuna moshi wa silinda ndani ya maji. Gereji yenye vifaa inakuwa nacho.

Na oili kuwa safi isikurudishe nyuma. Gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji peke yake, oili isiguswe kabisa. Watu wengi wanachomoa dipstiki, wanaona oili safi, wanasema gasketi nzima. Ndio kosa ninaloliona kila mara.

Kama bado unaitaka, basi usiihesabu kama gari inayohitaji feni. Ihesabu kama gari ambayo hedi inashuka, inapimwa kama imepinda na kama ina ufa, inasawazishwa kwenye mashine, gasketi mpya, boliti mpya kwa injini zinazotaka hivyo, rejeta kusafishwa au kubadilishwa kwa kutu ile, wota pampu, thamostati, feni. Na bado hujui pete za pistoni zimeula moto kiasi gani. Hedi ikikutwa ina ufa hesabu inaanza upya.

DadaTorki

Na yule mwenye gari mwambie ukweli. Kama hajui, ataendelea kuigonga kwa kijiti mpaka siku itakayozima njiani na familia ndani.

Mtafutaji22

Nimemwambia dada. Tulienda wote gereji leo, kipimo kimefanywa mbele yetu, dawa imegeuka njano haikuchukua hata dakika tatu. Alinyamaza muda mrefu. Akasema alikuwa anaijaza maji kila Jumapili na hakuna fundi aliyewahi kumwambia maana yake. Tumeachana vizuri, ataitengeneza kwanza.

Mimi leo jioni nimeona nyingine, sio nzuri kama ile, rangi imepauka na mlango mmoja una mkwaruzo mrefu. Niliikuta imelala, baridi. Maji mpaka mdomoni, kijani angavu. Skana nimeazima, maji na hewa vilitofautiana nyuzi mbili. Imewaka bila kutetemeka, mpira wa juu umebaki laini mpaka ulipopata moto, na ule moto wa ghafla niliusikia mkononi kweli, nilitoa mkono haraka. Imesimama ikafika 96 feni ikawaka, ikashuka 91, ikazima, tena na tena, nimeiangalia mizunguko minne. Kodi hakuna na vipimo vyote vimekamilika. Kuna kitu nimeruka?

SpanaMkononi

Umefanya kazi nzuri sana, nimefurahi kusoma hii. Ni kimoja tu kwa sababu ni otomatiki. Gari nyingi za otomatiki oili ya gia inapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji, kuna kibomba kimefichwa kwenye tanki lake. Kikitoboka maji yanaingia kwenye gia, na gia otomatiki ikishakunywa maji haikai. Kama ina dipstiki ya gia ichomoe, kama haina fundi atafungua kidogo kwa chini. Oili inatakiwa kuwa nyekundu unayoweza kuona ndani yake, ikiwa ya pinki yenye povu iache.

Halafu uiendeshe kwenye mlima mrefu AC ikiwa imewashwa, na skana ibaki imechomekwa. Huo ndio mtihani wa rejeta ambao kusimama peke yake hakuuonyeshi.

Mtafutaji22

Dipstiki ya gia ipo, nimeichomoa sasa hivi nikiwa bado hapa kwake, nimeipangusia kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu, haina povu, haina harufu ya kuungua. Mlima tunaenda nao kesho asubuhi, na nimeshamwambia asiiwashe mpaka nifike.